Paa la Nyasi la Ghala la Mahindi: Jinsi Tulivyolikarabati Uchindile, na Kosa Nililoanza Nalo

Somo la leo nimelikalia mwaka mzima kwa makusudi, kwa sababu nilitaka paa tulilolitengeneza lipite masika moja kwanza ndipo niliandike. Sasa limepita. Na nimeona nilitoe mwezi huu wa Mei maana nyasi za kuezekea zinaanza kukatwa mwezi ujao. Ukija kulisoma Septemba halitakusaidia kitu, nyasi zitakuwa zimeshaungua.

Ghala lenyewe liko Uchindile, kule milimani ambako reli ya TAZARA inapanda kutoka Mlimba kuelekea Makambako. Kwa wasomaji wangu wa huku bondeni Ifakara ambao hawajafika kule: ni baridi, ni mahindi na maharage, ni mianzi, na siku hizi ni misonobari na mikaratusi kila unapogeuza shingo. Sio nchi ya mpunga.

Mzee mwenye ghala alilijenga baada ya kumaliza kibarua kwenye ujenzi wa reli, ile iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Ni jukwaa lenye nguzo nane za mninga, limeinuka mita moja hivi kutoka ardhini, na juu yake wamekaa vihenge vitatu vya mianzi vilivyokandikwa udongo. Vyote vitatu viko chini ya paa moja la nyasi la migongo miwili. Jukwaa lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Mzee mwenyewe anasema vihenge vimesukwa upya mara mbili, nyasi hakumbuki mara ngapi, ila nguzo ni zile zile. Niligonga nguzo moja kwa nyundo, ikalia kama chuma. Familia nne zinategemea ghala hilo mpaka leo, za watoto wake watatu na yeye na bibi.

Kosa langu

Mwaka juzi mzee alinipigia simu kwamba ghala linavuja. Nilikuwa na safari nyingine kule kule, nikapita mbio mbio nikiwa na hofu ya kuachwa na treni. Nililiangalia paa kwa nje tu. Nyasi zilikuwa nyeusi, zimeota ukungu wa kijani upande usiopata jua. Nikasema, "Mzee, ongezeni nyasi mpya juu ya hizi za zamani, litatulia." Nikaondoka.

Waliongeza. Mvua ziliponyesha paa likawa zito, likabonyea katikati, na maji yakawa yanatuama pale badala ya kukimbia. Aprili ya mwaka jana walipofungua kihenge cha kati wakakuta mahindi ya juu yameshikana kama tofali. Nilipofika nilimkuta bibi amekaa kwenye mkeka anachambua, mafungu mawili. Nikamsalimia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, kisha akanionesha lile fungu la mahindi ya kijani na meusi.

"Haya ya hapa nitapikia komoni, mwanangu. Ukungu utakwenda na moto."

Hapo ilibidi nikae chini. Mkulima mwenzangu, sumukuvu haiondoki kwa kupika, haiondoki kwa kukoboa pombe, haiondoki kwa kuanika juani. Ukungu unaweza kuuona umepotea lakini sumu yake imebaki kwenye punje. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chakula chenyewe kilikuwa mahindi ya nyumbani ya kawaida kama haya. Ukiwapa kuku nao wanadhurika, na ng'ombe wa maziwa anaipitisha kwenye maziwa. Nilimweleza bibi yote hayo taratibu. Alinyamaza muda mrefu akaendelea kuchambua.

Tulifukia gunia sita. Tulichimba shimo la kina cha kiuno nyuma ya migomba, tukamwaga, tukafukia. Mzee alisimama pembeni ameegemea jembe, akasema, "Bwana shamba, mwaka jana ulituambia tuongeze nyasi, tukaongeza. Leo unatuambia tufukie chakula." Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Nilimwambia nitarudi Julai na nitakaa siku za kutosha.

Kwa nini paa lilikuwa linavuja

Niliporudi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kile nilichotakiwa kufanya mwanzo: niliingia ndani, nikapanda juu ya kihenge, nikaangalia paa kwa chini. Paa la nyasi linasomwa kwa ndani. Ukiona vitone vya mwanga ujue kuna tundu. Lakini ukiona nyasi za ndani zimekuwa nyeusi na laini bila tundu lolote, hapo maji yanapenya polepole kwa sababu mteremko hautoshi. Kwetu ilikuwa hiyo ya pili.

Nyasi hazizuii maji kama bati. Zinayapokezana. Tone likianguka kwenye jani la juu linateleza mpaka ncha, linadondokea jani la chini yake, hivyo hivyo mpaka kwenye upenu. Kama mteremko ni mkali, maji yanalowanisha sentimita chache tu za juu na zinazobaki chini ni kavu hata mvua ikinyesha usiku kucha. Kama mteremko ni mdogo, tone linapoteza mwelekeo, linazama ndani. Kuongeza nyasi juu ya paa la namna hiyo ni kuongeza sifongo. Na ndicho nilichowaambia wafanye!

Kipimo ni rahisi na hakihitaji kifaa cha dukani. Chukua fimbo ya mita moja. Iweke imelala sawasawa, ncha moja iguse kombamoyo (zile nguzo za paa zinazotoka kwenye upenu kwenda juu), kisha kutoka ncha ya pili pima kwenda juu wima mpaka ukutane tena na kombamoyo. Ukipata mita moja au zaidi, mteremko wako unafaa kwa nyasi. Pale kwa mzee tulipata sentimita 60. Aliponiona nashangaa akakumbuka mwenyewe: miaka ya nyuma walibadilisha makombamoyo, na miti iliyopatikana ilikuwa mifupi, ya mita 3 na kitu. Basi wakashusha kilele ili ienee. Kuanzia hapo paa halikudumu tena hata misimu mitatu, wakawa wanalaumu nyasi.

Hesabu yake ni hii. Jukwaa lina upana wa mita 4, na upenu unatakiwa utokeze angalau sentimita 75 kila upande ili mvua ya upepo isipige vihenge. Upana wote unakuwa mita 5 na nusu, nusu yake mita 2.75. Kwa mteremko wa mita moja kwa mita moja, kombamoyo linatakiwa liwe na urefu wa karibu mita 3.9. Ya mzee yalikuwa mita 3.2. Sentimita 70 tu ndizo zilizofukiwa nyuma ya migomba.

Kabla ya kugusa nyasi, mtafute dumuzi

Hapa naomba usome taratibu hata kama ghala lako halivuji.

Tulipoezua paa lote, makombamoyo na fito za mianzi zikabaki uchi. Nikaona kwenye fito vitundu vidogo vya mviringo na unga mweupe mweupe umejikusanya kwenye viungo. Nikatandika khanga ya bibi chini, nikagonga fito kwa nyundo. Unga ukamwagika, na ndani yake wadudu wadogo wa rangi ya kahawia iliyokoza, urefu milimita 3 hadi 4, wana umbo la risasi, na huku nyuma wamekatika kama wamepigwa panga. Dumuzi. Wale ambao wazee wetu waliwabatiza jina la Scania kwa jinsi wanavyobeba mzigo wote.

Dumuzi si mwenyeji. Asili yake ni Amerika ya Kati na Mexico, na hapa Afrika alionekana kwanza kwetu Tanzania, huko Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Utafiti wa wakati ule ule ulikuta ghala zilizopoteza zaidi ya asilimia 30 ya uzito wa mahindi ndani ya miezi michache. Lakini jambo ambalo wakulima wengi hawalijui ni kwamba dumuzi anaishi pia kwenye miti mikavu. Ukimaliza mahindi, ukafagia kihenge, ukapuliza dawa, yeye yuko juu kwenye fito anakusubiri Julai ulete mengine. Mzee alikuwa ananunua dawa ya unga kila mwaka na kila mwaka mahindi yanaanza kutobolewa kabla ya Krismasi. Alidhani anauziwa dawa feki. Huenda nyingine zilikuwa feki kweli, sibishi, lakini maskani ya mdudu yalikuwa juu ya kichwa chake.

Tahadhari: kuna wadudu wengine wa mbao na mianzi wanaotoboa vitundu vya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo usiamue kwa kuangalia tundu, gonga mpaka umpate mdudu mwenyewe umwangalie. Na mchwa ni kitu kingine, yeye anaacha njia za udongo.

Fito zote zilizotobolewa tuliziondoa, na siku hiyo hiyo zikaingia jikoni kuwa kuni. Usizirundike pembeni ya ghala eti utazichoma kesho. Makombamoyo ya zamani kwa vyovyote yalikuwa mafupi, nayo yakaenda. Nguzo nane za mninga tulizikagua moja moja, hazikuwa na tundu. Nilifurahi kuliko mzee, kwa sababu kama nguzo zingekuwa nazo ningelazimika kumwambia alibomoe ghala lote, na kwa hali ya Aprili sijui kama angenisikiliza.

Fito mpya tulitumia mianzi iliyokomaa, ya miaka mitatu kwenda juu, iliyokatwa baada ya mvua kuisha. Mianzi michanga ina sukari na wanga mwingi, wadudu wanaipenda (na walevi wa ulanzi pia, lakini hayo ni mambo ya Desemba). Ukiweza iloweke mtoni wiki nne au zaidi kabla ya kuitumia, wanga unatoka. Sisi hatukuwa na wiki nne. Tulipata moja na nusu, na hilo nalihesabu kama pungufu la kazi yetu.

Mabishano ya bati

Kijana wa mzee, anayeendesha bodaboda huku Ifakara, alipanda na treni siku ya tatu akiwa na mabati kumi. Alikuwa ameudhika, na haki anayo, kwa sababu gunia sita zile zingine zilikuwa za wanawe. Akaniambia, "Kaka, dunia imeshatoka kwenye nyasi. Piga bati tumalize."

Sina ugomvi na bati. Nyumba yangu ina bati. Lakini kwenye ghala la mahindi, hasa kule juu kwenye baridi, bati lina tabia yake. Mchana linachoma, ndani ya ghala panakuwa kama tanuri, na mahindi yenye unyevu kidogo yanatoa mvuke. Usiku bati linapoa haraka, ule mvuke unagota juu na kugeuka matone, unarudi kudondokea mahindi. Watu wanasema bati linatoka jasho. Unaweza kulala paa lako halina hata tundu moja na bado tabaka la juu la mahindi likaota ukungu. Ukitaka bati lazima uache nafasi kubwa ya hewa kati yake na vihenge, na uhakikishe mahindi ni makavu haswa. Nyasi zenyewe zinatulia, mchana hazipashi sana, usiku hazipoi sana.

Pia mabati kumi yasingetosha. Paa lile kwa mteremko mpya lina karibu mita za mraba 58. Kijana alipiga hesabu kwenye simu, akanyamaza. Mwisho tulikubaliana mabati yasirudi Ifakara, yana kazi, nitaieleza mbele.

Nyasi gani, na lini

Uchindile zamani nyasi ilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Sasa sehemu kubwa ya vilima vile ni miti ya kupandwa, kwa hiyo nyasi nzuri zimebaki kwenye mabonde membamba na pembeni mwa njia za kuzuia moto. Kama eneo ni la mtu au la kampuni, omba ruhusa kwanza. Mara nyingi wenye miti wanafurahi ukiwapunguzia nyasi kavu, lakini ukikutwa na mundu bila kuaga utaonekana mwizi.

Tulitumia zile nyasi ndefu zenye bua gumu jembamba, zinazofika juu ya kichwa cha mtu na kuwa na rangi ya dhahabu nyekundu zikikauka. Kwa wanaopenda majina ya kitaalamu ni jamii ya Hyparrhenia. Imperata, ile yenye mashuke meupe kama pamba inayotusumbua mashambani, nayo inaezeka vizuri ila ni fupi, utatumia nyingi na kazi itachelewa.

Kata baada ya mbegu kupukutika. Nyasi iliyokatwa na mbegu zake inaita panya na ndege, na ile mibichi ikifungwa paani inaoza kabla hata ya mvua. Lakini ukisubiri sana, moto wa Agosti na Septemba utakutangulia. Kwa kule juu mwanya wenyewe ni mwisho wa Juni mpaka katikati ya Julai. Kata karibu na ardhi, anika siku kadhaa, kisha chana: shika fungu, pitisha vidole au reki ya misumari kutoka kwenye shina kwenda nchani ili majani malegevu na takataka zitoke. Akina mama wa pale walifanya kazi hii na ndiyo iliyotofautisha paa hili na yale ya jirani. Majani malegevu ndiyo yanayoshika maji. Bua tupu linayaacha yaende.

Sisi tulifunga matita ya mzunguko wa sentimita 80, na tulitumia matita 360 hivi. Bei siandiki maana kila kijiji na chake, ila ukihesabu matita sita kwa kila mita ya mraba ya paa hutapungukiwa sana.

Kwa mkulima wa bondeni: mabua ya mpunga hayafai. Ni laini, yanaoza haraka, na punje zilizobaki ni karamu ya panya. Kwenu matete ni bora zaidi, lakini kumbuka sehemu ya bonde la Kilombero ni eneo la hifadhi, na ardhioevu yetu imo kwenye orodha ya Ramsar tangu mwaka 2002. Uliza ofisi ya kijiji kabla hujaingia na panga.

Kuezeka

Fundi alikuwa mzee mwingine wa kijijini, mwenye miaka sabini na kitu, na mimi nilikuwa msaidizi wa kumrushia matita. Niliyojifunza kwake ni haya.

Makombamoyo mapya ya mikaratusi yaliyonyooka, maganda yametolewa, yalifungwa kila baada ya sentimita 80 hivi. Fito za mianzi zikalazwa juu yake kila sentimita 25 hadi 30. Kufunga tulitumia kamba ya katani. Zamani walitumia magome ya miombo, lakini ukimchuna mti ulio hai unaua mti, na miombo yenyewe siku hizi ni ya kutafuta.

Unaanzia chini kwenye upenu, kamwe usianzie juu. Safu ya kwanza ni nene kuliko zote, mashina yanatazama chini. Juu yake unalaza ufito mwembamba wa kubana, na hapo wanahitajika watu wawili: mmoja nje anasukuma sindano ya mti yenye kamba, mwingine ndani anaipokea, anaizungusha kwenye fito na kuirudisha. Fundi wa nje anakanyaga nyasi kwa goti wakati wa kukaza. Nilikaza moja kwa nguvu ya mikono tu, akaja akasukuma kidole ndani ya nyasi, kikaingia mpaka mwisho. Akaifungua bila kusema neno. Kidole kisiingie, hicho ndicho kipimo chake.

Safu inayofuata inafunika kamba na ufito wa safu ya chini kabisa, pasionekane fundo hata moja. Fundo linaloonekana ni njia ya maji, kwa sababu maji yanafuata kamba mpaka ndani. Unene wote ukimaliza uwe sentimita 20 au zaidi. Halafu anapita na kipande cha ubao anayapigapiga mashina kwenda juu mpaka uso wa paa unakuwa sawa.

Kilele ndipo mapaa mengi ya nyasi yanapofia, kwa kuwa pale nyasi za pande mbili zinakutana na hakuna safu ya kuzifunika. Kwa desturi nyasi zinakunjwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kubanwa kwa vijiti, na inabidi kurudiwa kila baada ya misimu michache. Hapa ndipo mabati ya kijana yalipopata kazi. Matano tuliyakata na kuyakunja katikati, yakavikwa kwenye kilele chote, yakafungwa kwa waya kwenye fito za chini. Fundi hakupendezwa, alisema paa linaonekana limevaa kofia. Lakini halivuji.

Mabati mengine tulitengenezea kofia za kuzuia panya, zile za umbo la faneli lililoinamishwa, moja kwa kila nguzo, karibu na juu kabisa chini ya jukwaa. Zina maana tu kama panya hana njia nyingine, kwa hiyo tulikata na tawi la mwembe lililokuwa limeegemea upenu, na ngazi sasa inaondolewa kila baada ya kutumika. Ngazi ikiachwa, kofia zote nane ni pambo.

Zile pembe tatu za mbele na nyuma ya paa hatukuziziba kwa udongo. Tulisuka mianzi kwa nafasi ili hewa ipite na ndege wasiingie. Na jiko la bibi, ambalo lilikuwa hatua sita kutoka ghalani, limehamishwa mbali zaidi upande ambao upepo hautokei. Hili lilikuwa gumu kuliko kuezeka. Bibi alipika pale miaka arobaini.

Nyasi za zamani tulizoezua zilikwenda chini ya migomba kama matandazo. Ukiezua funga kitambaa puani, vumbi la nyasi zenye ukungu ni baya kwa kifua. Mimi nilikohoa wiki nzima.

Kujaza tena

Vihenge vilifagiliwa mpaka kwenye nyufa, vikakandikwa upya, vikaachwa vikauke kabisa. Mahindi safari hii yaliingia yakiwa yamepukuchuliwa, kwa sababu dumuzi anafanya vizuri zaidi kwenye gunzi kuliko kwenye punje zilizolegea. Dawa ya unga ilichanganywa kwa kipimo cha kwenye kibandiko, ile yenye viambata viwili, maana kimoja kinashughulika na fukusi na kingine na dumuzi. Kihenge kimoja hakikuwekwa dawa kabisa, mahindi yake yalitiwa kwanza kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kwa ajili ya watoto wadogo.

Ukavu tulipima kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kijiko kikubwa, mahindi mpaka robo tatu, unatikisa dakika chache, unaacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado mabichi. Mara ya kwanza iliganda. Kijana akataka yaingie hivyo hivyo kwa sababu treni yake ilikuwa kesho yake. Bibi ndiye aliyekataa. Aliyarudisha kwenye turubai siku nne zaidi.

Nilipanda tena Februari mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea. Nilifika jioni mvua inanyesha, nikapita moja kwa moja ghalani kabla ya kusalimia mtu, jambo ambalo si heshima. Nikachomeka mkono kwenye nyasi kwa ndani. Kavu. Upande wa magharibi karibu na pembe kuna sehemu moja, kama upana wa sahani, ilikuwa na unyevunyevu, na nilipotoka nje nikaona safu ya pili pale imeteleza. Nadhani ni lile tita nililofunga mimi. Mahindi ya kihenge cha kati yalikuwa safi, na nilipogonga fito kwenye khanga haukudondoka unga wowote.

Mzee alinikuta nikiwa bado nimeshika nyundo. "Kamwene," akasema. Kisha akanionesha matita ishirini aliyoyahifadhi jikoni juu ya moshi, kwa ajili ya ile pembe. Tutaiziba Julai, na safari hii mianzi ya akiba imeshaingia mtoni.